Bastola na Mgonjwa Chini ya Paa Moja

Hapa Komarock, ambako nyumba nyingi hugawana kuta, bastola ya jirani inatuhusu sote. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inakataza mtu asiye na akili timamu kupewa cheti. Wengi husahau kifungu cha 18: mwenye silaha sharti ahakikishe kuwa haimfikii asiyeruhusiwa kuwa nayo, hata akiwa ndugu yake. Ugonjwa wa ndugu si kosa. Kabati lisilofungwa ni kosa.

Nikiwa mwalimu wa isimu, naona neno "mwendawazimu" likiwatia jamaa aibu. Huficha ugonjwa, na ufunguo hubaki mahali ambapo kila mtu anapajua. Tumwite mgonjwa, tumpeleke Mathari, nayo bastola polisi waombwe kuihifadhi.