Simba wa Merelani

Sisi watu wa mwambao tuishio Pumwani, Eastleigh na Buruburu huipita Tsavo kila tuendapo nyumbani kwa Idi, aghalabu tukisinzia. Ilhali Tsavo ndiyo iliyolipatia jina jiwe la thamani la kijani, tsavoraiti, lililovumbuliwa na mwanajiolojia Campbell Bridges nchini Tanzania mwaka 1967, kisha Taita-Taveta.

Mwaka 2023 moja la mawe hayo, liitwalo Simba wa Merelani, liliwekwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Lilichimbwa Merelani, Tanzania. Likiwa ghafi lilikuwa na karati zipatazo 283. Mkataji, Victor Tuzlukov, aliondoa zaidi ya nusu, zikabaki 116.76, yaani gramu 23 hivi. Ndipo nuru ikapenya.

Subhanallah! Watu wa Washington hulitazama, na mtoto wetu hajapata kulisikia jina lake. Basi Idi ijayo, tufikapo Voi, tumwamshe, tumwonyeshe milima ya Taita, tumwambie: “Mwanangu, Mola ameweka hazina chini ya ardhi hii. Soma, ujue kuichimba na kuikata.”