Likizo kwa bibi Chilangala: Fungasha ORS na sweta kabla ya zawadi

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu kwa bibi yao Chilangala, wilayani Newala, begi lilijaa kanga, sukari na sabuni. Sweta hakuna, ORS hakuna. Hatujafika Lindi, mdogo akaanza kutapika na kuharisha. Basi liliposimama watu wachimbe dawa, kibandani palikuwa na soda na biskuti tu. Tulifika kwa bibi macho ya mtoto yameingia ndani. Alipona, lakini nilijifunza.

Kama nawe unajiandaa kuwapeleka watoto uwanda wa Makonde likizo hii, soma kwanza haya.

Usilazimishe kufika siku moja

Dar es Salaam hadi Masasi ni safari ya kutwa, na bado kuna mlima wa kupanda kwenda Newala. Ukiwa na watoto, lala Masasi au Mtwara, upande asubuhi. Bodaboda ya usiku yenye mama, watoto wawili na begi si usafiri, ni kubahatisha.

Kipindi cha mvua, beba chakula na maji ya siku moja ya ziada. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, Kilwa, na abiria wakakwama njiani.

Mkoba wa mkononi

Usiweke dawa kwenye buti la basi. Mkoba wa mkononi uwe na pakiti za ORS, maji safi, kikombe, mifuko ya kutapikia, kadi ya kliniki na ya bima. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi, mtoto anywe kidogo kidogo. Ikipita saa 24, mwaga, changanya nyingine. Mtoto akilegea, akishindwa kunywa au akiharisha damu, shukeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Safari itasubiri.

Baridi na salfa

Wengine huogopa ugonjwa wa milima. Huo kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, na Newala haifiki hata mita 1,000. Lakini upepo wa Juni na Julai, hasa karibu na ukingo wa Shimo la Mungu, unauma kuliko mtoto wa Dar anavyoujua. Sweta, soksi na kofia ni lazima.

Miezi hiyo pia wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Vumbi lake huwasha macho na kifua. Mwenye pumu asafiri na dawa yake ya kuvuta, na umuulize bibi mapema ni lini watapuliza shambani.

Homa baada ya kurudi

Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi kwa watoto. Beba chandarua chenye dawa, usitegemee cha mwenyeji. Dalili huchukua siku saba au zaidi kujitokeza, hivyo mtoto anaweza kuugua mkiwa mmesharudi nyumbani. Akipata homa, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo na umwambie daktari alikotoka.

Ndoo ya bibi

Jambo la mwisho halifungashwi, linafundishwa. Udongo wa uwandani ni kichanga kirefu. Mvua huzama chini, na chemchemi ziko mbali, chini ya miteremko. Zamani akina mama waliteremka na kupanda na mitungi kichwani. Hata leo, bomba likikauka, familia hutegemea maji ya mvua waliyohifadhi au hununua kwa dumu.

Mwanangu mkubwa alioga ndoo nzima siku ya kwanza, kama alivyozoea mjini. Bibi hakusema neno. Jioni nikamwona akipimia maji ya kupikia kwa kikombe. Niliona aibu ambayo zawadi zote zile hazikuifuta.

Siku hizi tunafanya mazoezi nyumbani wiki moja kabla ya safari: kopo moja la kuoga, na maji ya kuoshea vyombo yanamwagiwa mchicha. Na tukifika, baada ya shikamoo, kitu cha kwanza ninachomnunulia bibi ni madumu ya maji.