Taarifa Binafsi Zinapovuka Mpaka

Mkazi wa Buzuruga anayeomba mkopo kwa simu hukabidhi jina, namba ya kitambulisho na picha yake, nazo huweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi, ambako kuzifuatilia ni kazi ngumu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haikatazi usafirishaji huo, bali huuwekea masharti. Anayekusanya taarifa hutakiwa kwanza kuomba kibali cha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hata kama zinakwenda kwa majirani Kenya na Uganda, wenye sheria zao tangu 2019. Kabla ya kubonyeza “nakubali”, jambo ambalo wengi hulifanya bila kusoma, mwananchi aulize taarifa zake zitapelekwa wapi. Zikitumiwa isivyo halali, malalamiko huwasilishwa kwa Tume.