Vidoti vilivyoonyesha namna galaksi zinagongana



Mwezi wa 8, saa 10 na nusu za usiku, kama mbingu iko safi na mwezi hauko, ukitazama kusini utaona madoa mawili meupe kama vipande vya wingu. Si wingu. Ni galaksi mbili jirani zetu, zinaitwa Mawingu ya Magellan, na kati yao kuna daraja la gesi.

Daraja lile lilitoka wapi? Galaksi zikipitiana karibu, kazi hiyo inachukua mamia ya mamilioni ya miaka. Darubini inatupa picha moja tu. Ni kama kukuta pikipiki mbili zimeanguka barabarani: matokeo unayaona, namna ilivyofanyika huioni.

Mwaka 1941, Erik Holmberg wa Uswidi alijaribu kwa balbu 74, yaani 37 kwa kila galaksi. Mwanga unapungua kwa umbali sawasawa na mvutano. Basi alipima mwanga, kiisha akasogeza balbu, hatua kwa hatua.

Mwaka 1972, ndugu wawili, Alar na Jüri Toomre, walitumia kompyuta huko Marekani. Uzito wa kila galaksi waliuweka katikati, na kuuzunguka wakapanga vidoti. Kompyuta ikahesabu: kila kidoti kinavutwa namna gani? Kinaenda wapi? Chora, kiisha rudia. Picha zikifuatana, ni sinema.

Wakati ule baadhi ya wataalamu hawakuamini kwamba mvutano peke yake unaweza kuvuta mikia mirefu na myembamba hivi. Vidoti vikajibu. Upande wa karibu unavutwa zaidi, unafanya daraja. Upande wa mbali unaachwa nyuma, unafanya mkia. Ni jambo lile lile la mwezi kuvuta maji ya bahari.

Kwa hiyo ile sinema haikuwa pambo la somo. Ilikuwa hoja. Ilikuwa na mipaka pia: vidoti vyenyewe havikuvutana, kwa hiyo haikueleza yote.

Jamani, wengi wetu tunasoma fizikia kwa kunakili ubaoni, tukisema maabara hakuna. Ni kweli, hakuna. Lakini kompyuta ndogo ya leo, hata ikichajiwa kwa paneli ya jua, inapita mbali mashine ile ya 1972. Sheria ya Newton tunayo daftarini. Tukutane watu watatu wane, tupange vidoti vyetu, tuone kama mkia utatoka.