Haut-Uélé: Isiro–Dungu, nusu saa kwa ndege, lakini wengi hawaipandi

Kwenye ramani, Isiro na Dungu ni majirani. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kati ya miji hii miwili ya kaskazini mashariki mwa Kongo kuna kilomita kama 140. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, inayokwenda karibu kilomita 300 kwa saa, inamaliza mwendo huo kwa nusu saa hivi. Ukihesabu kupaa na kutua, ni kama dakika 40.

Kwa barabara, hesabu ni nyingine. Anayepitia Niangara ana kilomita zaidi ya 100 kutoka Isiro hadi Niangara, kisha zaidi ya 75 hadi Dungu, na hapo kona za barabara hazijahesabiwa. Katika majira ya mvua, yanayochukua sehemu kubwa ya mwaka katika bonde la Uele, udongo unageuka tope. Lori likikwama, walio nyuma wanangoja. Ndiyo maana msafiri hauliza kilomita ngapi, anauliza kama mvua imenyesha.

Safari hiyo si ya starehe. Tangu mwaka 2015, Haut-Uélé ilipotoka ndani ya Province Orientale na kuwa jimbo, Isiro ndiyo mji wake mkuu. Mkaaji wa Dungu mwenye shida kwenye ofisi za jimbo hana budi kwenda huko.

Ndege zipo, lakini si za kila mtu. Zile za UNHAS, shirika la ndege la Umoja wa Mataifa, zinabeba hasa wafanyakazi wa misaada. Katika ndege ndogo abiria anapimwa uzito pamoja na mizigo yake, maana kilo zikizidi, mafuta yanapunguzwa au mtu anabaki. Tena kwenye viwanja visivyo na taa ni lazima kutua kabla ya giza, na huku jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, hata kama rubani yuko tayari, atangoja asubuhi. Mwananchi wa kawaida anapanda pikipiki.

Umbali huu umeshagharimu watu. Katikati ya Desemba 2009, waasi wa LRA waliua watu zaidi ya 300 katika eneo la Makombo, wilaya ya Niangara. Dunia ilipata habari kamili Machi 2010, miezi mitatu baadaye. Vijiji hivyo havikuwa mbali kwa ndege. Vilikuwa mbali kwa sababu hapakuwa na barabara nzuri wala simu ya kuita msaada.

Kwa hiyo ahadi ya ndege peke yake haitoshi. Barabara inayopitika mvua na jua ndiyo itakayoifanya Dungu kuwa jirani ya Isiro kwelikweli, na si kwenye ramani tu.