Kwa Nini Mtoto wa Meza Hukwama Mwezi wa Tano

Mwezi wa tano mnaujua, wanangu. Masika yamepamba moto, nguo zinashinda kambani na jioni bado zina majimaji, chumvi inalowa koponi. Na mtoto wa meza, mle mama anamoweka vijiko, hatoki. Unamvuta, unamvuta, hadi meza nzima inakufuata. Subiri Januari, kaskazi ikivuma. Droo ileile inatoka kwa kidole kimoja, na hakuna aliyeigusa kwa randa wala msasa. Hapo hapana jini. Ni mbao zenyewe, zinanenepa masika na kukonda kaskazi.

Nawasimulia haya kwa sababu hapa kwetu Galu nyumba za fahari zinaota kila uchao, kutoka Diani mpaka Kinondo, na kila mwenye nyumba anataka meza, kabati na vitanda vilivyotengenezwa kwa mkono. Wanatoa fedha nzito. Ni vizuri mjue wanalipia nini, msije mkadhani ni vanishi.

Mti ulio hai umejaa maji. Iko miti ambayo ukiikata leo, maji yaliyomo ndani yana uzito sawasawa na mti wenyewe. Na maji hayo hayakai ovyo. Shina ni mfano wa fungu la mirija ya kunywea madafu, mirija myembamba mno, iliyobanana kusimama wima. Gogo likishaangushwa, maji ya katikati ya mirija hutoka kwanza, na hapo ubao haubadiliki umbo. Yakiisha hayo, huanza kutoka maji yaliyojificha katika kuta za mirija. Kuta zinasinyaa, na ubao unakonda.

Hukonda vipi sasa? Si kwa urefu. Ubao wa mita mbili utabaki wa mita mbili, au karibu sana na hapo. Unaopungua ni upana. Tena kuna jambo la kustaajabisha: kufuata mzunguko wa zile duara mnazoziona kwenye kisiki, mti husinyaa karibu mara mbili kuliko kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Ndiyo maana ubao mpana uliopasuliwa kandokando ya gogo hujipinda ukikauka. Upande mmoja umevutwa zaidi ya mwenzake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi wa samani si kukata. Ni kungoja. Mafundi wana hesabu yao ya zamani: ubao unaokaushwa kwa hewa tu hutaka mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao zinapangwa kivulini, kati ya ubao na ubao kunawekwa vijiti ili upepo upite, na ncha zinapakwa rangi au nta, kwa sababu ncha ndizo midomo ya ile mirija. Zikiachwa wazi hukauka mbio kuliko katikati, na ubao hupasuka.

Sasa fikirini mwenye nyumba anayekuja Novemba akitaka meza ya watu kumi kabla ya Krismasi, maana wageni wanakuja. Fundi mwenye njaa ataitikia ndiyo. Atanunua mbao mbichi, atazipiga randa, zitang'aa, na picha zitapigwa. Februari kaskazi inaikausha ile meza, na ufa unaanza upande wa kichwani. Lawama zitamwangukia fundi, lakini mimi nasema mteja naye ana sehemu yake.

Kazi ya pili ni kuunga. Hewa ya pwani ina chumvi, na msumari wa chuma hapa hauna maisha marefu. Ukishika kutu huvimba, ukivimba hupasua mti. Fundi anayejua kazi huchonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye wa pili, akavitia pamoja, kisha akapitisha kijiti cha mti mgumu ili visiachane. Na uso wa meza haubani kabisa. Ukiinama chini ya meza iliyotengenezwa vizuri utaona skrubu zimekaa katika matundu marefu kidogo, ili uso upate pa kutanukia masika ikifika. Mlango wa kabati vilevile: ubao wa katikati hautiwi gundi, unaelea ndani ya mfereji wa fremu. Ukiutikisa unacheza. Wanunuzi wengi hudhani hiyo ni kasoro, wakaomba upigwe gundi!

Babu zetu walikuwa na mbinu zao. Pale makumbusho ya Lamu kipo kiti cha enzi, kile kikubwa cha mti mweusi kilichonakshiwa kwa pembe. Mgongo wake na pa kukalia vimesukwa kwa kamba. Fremu ni mti, katikati ni uzi, basi hakuna ubao mpana wa kupasuka. Kitanda cha kamba ni akili hiyohiyo. Na mbuzi ya jikoni, ile unayoikalia ukikuna nazi, imeunganishwa kwa vidole vya mti vilivyopishana na kijiti kimoja kilichopita katikati, ikafunguka na kukunjika bila bawaba ya chuma. Kesho mkitumwa kukuna nazi, iangalieni vizuri kabla ya kuikalia.

Lakini samani zinazopendwa sana siku hizi huku pwani ni zile za mbao za vyombo vikuukuu: jahazi au mashua iliyochoka na maji, ikavunjwa, mbao zake zikawa meza. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Shikeni ubao wa namna hiyo mkononi. Kwanza ni mzito. Rangi zimepandana, buluu juu ya kijani juu ya nyeupe, kila moja imebanduka mahali pake. Kisha kuna matundu ya misumari, na kila tundu limezungukwa na doa jeusi lenye ubuluu. Doa hilo si uchafu. Miti mingi migumu ina dawa ndani yake, tanini, ileile inayokaza ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini ikikutana na chuma na maji huwa nyeusi. Fundi wa vyombo alikuwa akitoboa kwanza kwa keke, akauzungushia msumari pamba iliyoloweshwa mafuta, ndipo akaupigilia, ili maji yasipite. Hata hivyo miaka ilipita, bahari ikapenya, na wino ukajiandika.

Pengine mtaona pia vishimo vya mviringo, unene wa penseli. Hivyo ni vya mdudu wa baharini anayekula mbao, na ukitaka ajabu, si mdudu hasa, ni ndugu wa chaza mwenye mwili mrefu. Mabaharia walimpiga vita kwa kuegesha chombo mchangani, kukibabua tumbo kwa moto wa makuti na kukipaka deheni.

Ubao huo haupelekwi mezani moja kwa moja. Huoshwa kwa maji matamu, maana chumvi iliyobaki huvuta unyevu. Hukaushwa upya. Kisha unapitishiwa sumaku, maana msumari uliokatikia ndani ukikutana na randa, makali yameharibika. Zipo pia mbao mpya zinazopakwa rangi tatu na kukwaruzwa ili zionekane zimesafiri. Hilo silipendi. Kama mtu anataka meza mpya, anunue meza mpya. Kuzitambua hizo za kuigiza si kazi: tazameni nyuma ya ubao. Tundu la kweli lina weusi ulioingia ndani kabisa. La uongo ni jeupe ukilichungulia.

Na mti mpya utoke wapi? Sisi wa Galu tuna jirani anayetufundisha adabu ya kukata. Kaya Kinondo, hekta 30 hivi za msitu mtakatifu wa Wadigo, iliingia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia, na hatoki na kitu, hata kijiti kikavu. Mbele kidogo, Gazi, watu wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanzishwa mwaka 2013 ili kuuza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo. Ili boriti zisikatwe huko, walipanda mivinje.

Kwa samani za kwetu, mimi nauonea huruma mwembe na mnazi, maana inadharauliwa. Mwembe uliochoka kuzaa una mbao nzuri zenye mistari, mradi utiwe dawa mapema, la sivyo hubunguliwa. Ngalawa nyingi mnazoziona ufukweni ni shina la mwembe. Mnazi nao hauna duara wala matawi, kwa hiyo mbao zake hazina vifundo. Ugumu wake uko nje, ndani ni laini, kinyume na wengi wanavyodhani. Mpasuaji huchukua ukanda wa nje, sehemu ya chini ya shina, na msumeno wake huisha makali upesi. Ukisuguliwa, unatoa madoa madogo ya kahawia yaliyokoza.

Mkipita karakana za Ukunda baada ya shule, mwamkieni fundi, mumwombe awaoneshe meza kwa chini. Wengine watawafukuza, wana kazi. Lakini yule atakayeweka randa kando na kuipindua meza, kaeni naye, kisha mwombeni awaoneshe mbao zake zilizoko kivulini, na muulize kila moja ilikatwa lini.