Mlinzi unaye, je, amri umempa?

Jamani vijana wa mjini, hili la kompyuta naona tunalichukulia kimzaha. Mtu ananunua laptopu, anaambiwa "ulinzi umo humo humo", basi anatembea kifua mbele. Mimi namuuliza: huyo mlinzi kapewa amri gani?

Maana haya ni mambo mawili, mshikaji. Kuna ulinzi unaokuja na mashine: fayawoli inayomkatalia mgeni asiyealikwa, na programu inayonasa virusi. Halafu kuna sheria unazoweka wewe, au bosi wako ofisini: nani apite, mlango upi. Sheria ikisema fulani aingie, fayawoli inafungua geti, haibishani.

Zamani hata mlinzi mwenyewe aliletwa kalala. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 fayawoli ilikuwamo, ila imezimwa! Agosti 2003 kirusi Blaster kikajipitia, mashine zikawa zinazima na kuwaka zenyewe watu wamekodoa macho. Agosti 2004 Microsoft wakatoa Service Pack 2, fayawoli ikaja imewashwa. Hapo nawapa tano, japo walichelewa.

Mambo yakaisha? Thubutu! Mei 12, 2017 kikazuka WannaCry. Kilipenya kwenye mlango namba 445, ule wa kugawana mafaili, kikafunga kazi za watu na kudai dola 300. Dawa ilishatoka tangu Machi. Kule Uingereza wagonjwa walirudishwa nyumbani bila kutibiwa. Oktoba mwaka huohuo, ofisi yao ya taifa ya ukaguzi ikasema hospitali zingejikinga, ziwe zimeweka dawa au la, kama tu zingezisimamia fayawoli zao upande wa intaneti. Soo hilo! Walinzi walikuwepo, wa kuwapa amri hakuna.

Sasa njoo kwenye Wi-Fi ya bure pale unapokunywa kahawa na mtoto wa watu. Windows inakupa kuchagua: mtandao wa umma au binafsi. Ukiacha "umma", mashine inajificha. Ukibonyeza "binafsi", umejitangaza kwa meza zote.

Kuna mchizi mmoja wa kijiweni kwetu alizima fayawoli nzima kisa gemu moja limegoma. Gemu lilitaka mlango mmoja, yeye kang'oa geti! Nikamwambia, si ungeliruhusu hilo gemu peke yake? Akacheka, akaendelea kucheza. Nilipochungulia juzi, bado imezimwa.